Asilimia nane ya nini? Nimekatika kidole kazini na HR anataka nisaini elfu sitini

Shikamoo Katibu,

Samahani kwa maandishi, naandikia gumba la mkono wa kushoto, huu wa kulia bado haujakaa sawa. Majibu yako nimeyasoma muda sana kwa simu ya dadangu na sikuwahi kufikiria siku moja ntakua mimi ndo naandika.

Mi nafanya kazi kiwanda cha nguo hapa Mombasa, zile nguo za kupelekwa nje. Niko upande wa kukata, yaani kitambaa kikishatandikwa mezani kimepandana tabaka juu ya tabaka sisi ndo tunapitisha kisu cha umeme kufata alama. Mwaka wa sita huu. Mwezi wa nne, Jumamosi, tuko ovataimu, oda imechelewa na supavaiza anatupigia makelele kontena yaondoka Jumatatu, nikavua ile glavu ya chuma kwa sababu ziko mbili tu na zote saizi ya wanaume, yanitereza, alafu kitambaa kikajikunja nikaweka mkono kukinyoosha, bas. Sikuskia hata uchungu. Niliona wekundu kwa kitambaa cheupe nikadhani wametuletea kitambaa kibaya.

Kidole cha shahada mkono wa kulia kimeenda na pingili. Hiki cha kati kimebaki lakini kano ilikatika wakaishona na mpaka leo hakikunjiki, kimesimama tu kama msumari. Makasi sishiki, vifungo vya mtoto namuita dadake amfunge, sindano ndo usiseme.

Nilikaa nyumbani miezi mitatu. Mwezi wa kwanza walinipa nusu ya besiki, yaani ule mshahara mtupu bila marupurupu, 9,250, alafu ikakatika, nikipiga simu naambiwa hakuna kazi hakuna mshahara. Fizio nimeenda mara nane kwa pesa yangu, 1,500 kila mara. Nilivorudi wakanieka pakingi, kufunga nguo.

Sasa ile wiki ya sita nikiwa bado na bendeji walinipeleka kwa daktari wao akajaza fomu akaandika ulemavu wa kudumu asilimia 8. Juzi HR kaniita akaniambia asilimia nane ya mshahara wako wa 18,500 ni shilingi 1,480, sheria ndo inasema hivo, lakini kampuni ina ubinadamu kwa hivo itakupa 60,000 mara moja na usaini hapa kwamba humdai mtu kitu tena. Amenipa mpaka Ijumaa. Karatasi ni ya Kizungu, kurasa mbili.

Jirani yangu anajuana na loya mmoja anasema twende kotini ntapata milioni mbili yeye achukue theluthi. Mume wangu asema nichukue hizo sitini tuongeze dipoziti ya pikipiki manake pesa mkononi ndo pesa. Mamangu asema nisifungue mdomo, ntafutwa kazi.

Mimi nauliza hivi, hiyo asilimia nane ni ya nini hasa? Na ile glavu itaniponza? Na kwa nini walipe mara moja, si wanipe kidogo kidogo kila mwezi maana kidole hakirudi? Peislipu yangu ni besiki 18,500, nyumba 2,775, na ovataimu ya Jumamosi haikosi, kama 3,000 kila mwezi.

Ni mimi,
Mkono wa Kushoto, Mikindani

*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Hiyo ya kitambaa cheupe nimeisoma nikaeka simu chini kwanza.

Nianze na Ijumaa kwa sababu ndo inakaribia. Hiyo Ijumaa ni ya HR, si ya sheria. Usisaini. Mwambie kwa upole kabisa, naomba nakala nikaisome nyumbani, na akikataa kukupa nakala bas ushapata jibu la karatasi ile ni ya nini. Nimekua katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi miaka mingi na sijawahi kuona kampuni ikimharakisha mtu kusaini kitu chenye faida kwa huyo mtu.

Sasa hesabu. HR wako amekuchezea pale pale ulipouliza wewe, asilimia nane ya nini. Sheria yetu ya fidia ya kuumia kazini, ile watu wanaiita WIBA, ya mwaka 2007, inasema ulemavu wa kudumu unahesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Miezi tisini na sita, yaani miaka minane mizima. Hiyo ndo sufuria. Mtu aliyepofuka macho yote mawili kwa ajali ya kazi huyo ni asilimia mia, anabeba sufuria nzima. Wewe umepewa nane kwa mia, unachota nane kwa mia ya ile miaka minane, sio nane kwa mia ya mshahara wa mwezi mmoja. Shilingi 1,480! Wallahi huyo HR hata haya hana.

Alafu kuna mtego wa pili hapo hapo, amechukua besiki peke yake. Mapato kwa sheria hii hayaishii kwa besiki, na ovataimu ambayo ni ya kawaida, inayokuja kila mwezi, nayo imo ndani. Haiingii ile ya kuokoteza mara moja moja, wala pesa waliokupa ya nauli ya shughuli fulani, wala zawadi ya Krismasi. Yako ya Jumamosi umesema haikosi, kwa hivo inaingia, ila utahitaji peislipu za kuonyesha, tafuta hata za mwaka mzima kabla ya ajali. Kwa hivo wewe mapato yako ni 18,500 na 2,775 na 3,000, jumla 24,275. Zidisha mara 96 unapata 2,330,400. Asilimia nane yake ni 186,432.

Chukua kalamu uandike na hii nyingine, kwako wewe kila asilimia moja ni shilingi 23,304. Ukiijua hiyo namba hakuna mtu atakubabaisha, mtu akikutajia pesa yoyote wewe igawe utajua anakukadiria mkono wako kwa asilimia ngapi. Elfu sitini zao ni asilimia mbili na nusu hivi.

Na bado sijamaliza na hizo sitini. Miezi mitatu ulokaa nyumbani ni haki nyingine kabisa, mbali na kidole. Mfanyakazi akiumia kazini akashindwa kufanya kazi siku tatu au zaidi, anaendelea kulipwa sawa na mapato yake, na hiyo inaweza kwenda mpaka miezi kumi na mbili. Hakuna cha hakuna kazi hakuna mshahara, hapo si kwamba ulienda harusini Lamu. Miezi mitatu mara 24,275 ni 72,825, toa hizo 9,250 walizokupa inabaki 63,575. Umeona? Pesa wanayokupa kumaliza mambo yote haijafika hata kulipa mishahara waliyokunyima, kidole bado hakijaguswa. Na matibabu pia ni juu ya mwajiri, hospitali, dawa, hata nauli ya kupelekwa, kwa hivo ile 12,000 ya fizio nayo ni deni lako kwao ukiwa na risiti.

Tuje kwa daktari, hapa ndo nataka utulie zaidi maana hapa ndo watu wengi wanapoteza bila kujua. Hiyo nane iliandikwa wiki ya sita na bendeji iko. Ulemavu wa KUDUMU unapimwaje na kidonda hakijakauka? Kipimo hiki kinatakiwa kije wakati madaktari wameshafanya walichoweza na mkono umefika mahali haubadiliki tena sana, ndo ujulikane kilichobaki na kilichopotea. Daktari yule naona alihesabu pingili iliokatika, ambayo mtu yeyote anaiona kwa macho, na hiki kidole cha kati kilichosimama kama msumari hakukihesabu kwa sababu siku ile kilikua kimefungwa. Kidole kilichopo lakini hakikunjiki ni hasara pia. Sheria ina jedwali lake la viungo na asilimia zake, na jeraha ambalo haliko kwenye jedwali Mkurugenzi wa usalama na afya kazini analipangia asilimia inayolingana na yale mengine.

Na kuna kipengele kimoja wachache wanakijua, mi mwenyewe nilikisoma baada ya miaka. Kama jeraha limemletea mtu madhara makubwa kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake, Mkurugenzi anaruhusiwa kumpandishia asilimia. Mlinzi wa geti akipoteza ncha ya kidole cha shahada atafungua geti kama kawaida. Wewe ni mkataji wa nguo, mkono wa kulia, hicho kidole ndo kazi yenyewe. Hiyo uiandike kwa maneno yako, usiachie mtu akuandikie, sema sishiki makasi, siongozi kisu, nimetolewa kukata nimeekwa pakingi, kila kitu. Sikuahidi kwamba watakubali. Ila usipoomba hakuna atakayekukumbusha.

Kwa hivo nenda kwa daktari mwingine aliyesajiliwa, ikiwezekana wa mifupa na mikono pale hospitali kubwa ya serikali, umweleze unataka upimwe upya vidole vyote viwili, umpe na karatasi za operesheni. Kampuni ya bima nayo pengine itataka daktari wake akuone, usikatae, nenda, lakini siku hiyo usijikaze kiume. Watu wakienda kwa daktari wa bima wanaona aibu wanajifanya wazima, akiulizwa waweza kushika hii kalamu anasema ndio ndio, huku machozi yanamlengalenga. Sema ukweli, inauma hapa, haikunji, bas.

Glavu. Najua hiyo ndo inakunyima usingizi. Fidia hii haiulizi nani mjinga. Haihitaji kuonyesha kampuni ilikosa, na uzembe wa kawaida wa mfanyakazi haumfungii mlango. Kinachoweza kumnyima mtu ni utovu wa makusudi, yaani alijua na akaamua kufanya kusudi, na hata huyo akiumia vibaya sana sheria bado inamtizama. Wewe glavu haikukuenea, na mlikua mnakimbizwa na kontena yao, sio yako. Andika ilivokua, pamoja na hiyo ya saizi za wanaume, na uandike majina ya wenzako wawili waliokua meza ile kabla hawajahamishwa ama kutishwa.

Huyo loya wa milioni mbili mwambie ahsante. Kabla ya sheria hii ni kweli watu walikua wanaenda kortini moja kwa moja, na baada ya kutoka kulikua na mvutano mrefu wa mawakili na serikali mpaka Mahakama ya Juu ikamaliza tarehe 3 Desemba 2019. Sai njia ni kupitia ofisi ya Mkurugenzi kwanza, korti inakuja baadae kama rufaa. Akifungua kesi ya fidia kortini leo atafukuzwa nayo na wewe utakua umepoteza muda, na muda wako nitakwambia hapo chini kwa nini ni mali. Alafu theluthi ya kitu gani, ya kujaza fomu? Fomu haihitaji wakili. Ukifika mahali pa rufaa hapo sikukatazi, tafuta wakili mzuri mkubaliane kwa maandishi.

Lakini pia nisikudanganye upande wa pili, milioni mbili huzioni. Fidia hii hailipi maumivu, hailipi ile aibu ya kumuita mtoto mkubwa amfungie mdogo vifungo, inalipa asilimia ya mwili mara miezi basi. Mi naona ni kidogo, nimeona hivo siku zote, na nimewahi kulisema kwenye mikutano mpaka nikaambiwa nikae chini.

Kuhusu kulipwa mara moja ama kila mwezi, kwa sheria yetu hiyo ya kudumu inakuja kwa mkupuo, huna uchaguzi hapo. Wenzetu Tanzania wana mfuko wao wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambao waajiri ndo wanachangia, na aliyeumia sana kule hupewa pensheni ya kila mwezi. Huku kwetu anayelipa ni mwajiri kupitia bima yake, na sheria inamlazimu awe na hiyo bima. Na kama hana, deni halifi, anakulipa kutoka mfukoni mwake.

Sasa muda. Uliumia mwezi wa nne, tuko mwezi wa kumi na moja. Dai linatakiwa liwe limeingia ndani ya miezi kumi na mbili tangu ajali, kwa hivo unayo mitano, sio mingi ukitoa sikukuu za Desemba. Mwajiri alitakiwa aripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba, sasa nenda ofisi ya DOSH, ndo ile ya huyo Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, hapa hapa Mombasa, wengi wanaiita tu ofisi ya leba lakini hakikisha umefika mlango wa usalama kazini, uliza kama ajali yako iko kwenye kitabu na kama ile fomu ya DOSH/WIBA 1 waliipokea. Mara nyingi fomu inajazwa alafu inalala kwenye droo ya HR. Kama haipo wewe mwenyewe unaruhusiwa kupeleka dai, hungoji baraka za kampuni. Beba kitambulisho, peislipu, karatasi za hospitali, risiti na picha za mkono kama unazo. Kila karatasi peleka kopi, orijino zibaki kwako, na ugongewe muhuri kopi yako kwamba wamepokea.

Ofisi ikishapiga hesabu inampelekea mwajiri ama bima, nao wana siku 90 kulipa. Pesa inapitia kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 kukupa. Kwa kawaida yetu usishangae ikivuta zaidi, ila ukizijua hizo siku utaenda kuuliza na tarehe mkononi. Ukiona asilimia ni ndogo unaandika pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60 tangu uamuzi, naye akujibu ndani ya 14, na jibu lisipokuridhisha una siku 30 kwenda mahakama ya ajira. Mtu akinung'unika nyumbani mpaka siku ya 61 amejifungia mwenyewe.

Mama ana haki ya kuogopa, amewaona wengi. Lakini kumfuta mtu kwa sababu amedai haki yake ni kufuta kinyume cha sheria, Sheria ya Ajira imeitaja hiyo wazi, na hiyo itakua kesi nyingine juu ya hii. Kwa hivo usigombane na mtu kazini, usikose hata siku moja, na kila utakachoambiwa kuhusu hii kitu omba kwa maandishi. Meseji ya simu pia ni maandishi. Wakikuita ofisini peke yako mwambie nitakuja na mwakilishi wetu wa chama.

Na shemeji wa pikipiki. Mpe salamu zangu, mwambie sijasema hapana, nimesema asipige hesabu na elfu sitini. Ila kabla ya pikipiki wewe kaa peke yako ufikirie kama huo mkono utarudi kukata ama hautarudi, na kama hautarudi utakua unafanya nini miaka mitano ijayo, kisha ndo muongee. Pesa ni ya kidole chako, si cha nyumba nzima, na hilo nalisema mimi mzee mwenye wake na mashemeji.

Kesho asubuhi mapema kabla ya foleni, DOSH. Ijumaa kwa HR unaenda ukiwa na ile kopi yenye muhuri kwenye mkoba, humuonyeshi mpaka akuulize umeamuaje. Alafu niandikie nijue uso wake ulikuaje.

Katibu Mstaafu